Siku Grupe Iliponyamaza

Kutoka mlango wa nyumba yetu mpaka mlango wa biro yangu, ofisi ninamofanya kazi, ni hatua mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu mwenyewe, na kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu ndefu kuliko zote. Watu wa Bunia ni watu wa kwenda. Wanapanda Bambu kutafuta dhahabu, wanashuka Boga kununua kahawa, wengine wanafika Uganda na kurudi na redio mpya na maneno mapya. Mimi nilifika Marabo mara moja, kwenye mazishi, nikarudi siku hiyo hiyo kwa sababu sikupenda mto wa kitanda cha wenyeji wangu. Mke wangu husema niko kama kuku anayelalia mayai: ukimtoa kwenye kiota anapiga kelele, hata kama nje kumemwagwa mahindi.

Nasema haya mapema ili msomaji asinipe sifa ambazo si zangu. Biro yetu ya Leta, yaani ya serikali, ilipojifunza kufanya kazi bila kuchoma mafuta, wengine walifikiri ni upendo wa nchi. Mtu mmoja hata aliniombea kanisani. Ukweli ni kwamba nilitaka kuendelea kula chakula cha mchana nyumbani kwangu.

Kazi yetu ilikuwa kuandikisha watoto wanaozaliwa, watu wanaooana na watu wanaokufa. Tulikuwa watatu. Kulikuwa na Shefu, mtu mpole mwenye koti moja la rangi ya kahawia. Kulikuwa na mimi, sekretere, mwenye dipoloma ya sekondari na mwandiko mzuri. Na kulikuwa na Muzee wa grupe. Grupe ni ile mashine ya kutoa umeme, na Muzee alikuwa mlezi wake. Ujana wake wote aliupitisha Bambu na mashine za mgodi, mpaka mashine zile zikafa na yeye akabaki. Alipopewa yetu aliipenda kama mtu aliyerudishiwa ndugu.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na Wabelgiji. Kuta nene, baraza pana kuizunguka, madirisha manne marefu. Wakati wa vita madirisha hayo yalizibwa kwa matofali ili risasi zisiingie. Kisha amani ikaja, amani ile ya kwetu, ambayo mtu anaiamini mchana na jioni anaanza kuiuliza maswali. Matofali yakabaki. Wakaja watu wa kutengeneza majengo ya Leta. Waliweka manjanja mapya ya bati juu, wakatoa plafoni, ile dari ya mbao iliyoliwa na mchwa wasiirudishe, wakapaka simenti na rangi, wakatuachia zawadi: grupe kubwa, mpya, ya bure.

Hapo tukaanza kuishi kwa namna ambayo leo nikiifikiri naona haya. Nje jua la Bunia linawaka kutoka saa kumi na mbili mpaka saa kumi na mbili. Ndani, saa sita ya mchana, tumewasha ampuli nane za taa ili tuone karamu zetu za kuandikia. Manjanja yanatupika kichwani, kwa hiyo tumewasha vipepeo viwili vya umeme. Kuna friji ya Shefu, ndani yake chupa moja ya maji na mara moja moja samaki wa mke wake. Na kuna mashine ya kutoa kopi, ambayo ilifanya kazi siku ilipopenda.

Hakuna aliyelalamika. Ile kelele ilikuwa na kazi yake. Kila siku saa mbili asubuhi grupe ilikohoa mara tatu, ikanguruma, na mtaa mzima ukasema, "Leta imeamuka." Wanawake walipanga vitu vyao sokoni wakiisikiliza. Wakati wa vita watu walikuwa wamejifunza kwamba wakubwa hujua habari kabla ya wengine, na kwamba biro ikinyamaza ghafla, basi wakubwa wako njiani kwenda uwanja wa ndege. Kwa hiyo ngurumo ilikuwa habari njema. Maana yake ilikuwa: leo hakuna mtu anayekimbia.

Nyumbani kwetu nyuma ya mlango kulikuwa na mfuko wa kukimbia nao vita ikirudi. Kila nyumba ilikuwa na wake. Ndani ya wetu kulikuwa na nguo za watoto, karatasi, chumvi, na sufuria kubwa ya mke wangu, ile ya harusi. Miaka yote hiyo alipika katika sufuria ndogo, kwa zamu, kwanza ugali kisha sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa sababu ile kubwa ilikuwa tayari kusafiri.

Basi barua ikatoka kwa wakubwa wa juu. Niliisoma kabla ya Shefu, maana kazi ya kufungua bahasha ilikuwa yangu. Ilisema kwamba mafuta yatapunguzwa mpaka bidoni moja, dumu moja tu, kwa juma. Biro itakayoshindwa kufanya kazi na kiasi hicho, baada ya miezi mitatu itahamishwa kwenye jengo jipya karibu na uwanja wa ndege, na nyumba yake itapewa wengine.

Sisi tulikuwa tunamaliza bidoni moja kati ya Jumatatu na Jumanne, na akiba tuliyobaki nayo ingetufikisha miezi miwili tu.

Niliisoma mara tatu. Uwanja wa ndege uko upande mwingine wa mji. Ni pikipiki asubuhi na pikipiki jioni, na mchana ni mandazi makavu juu ya meza ya ugenini. Tena kulikuwa na rejista za zamani, ambazo kurasa zake zilishikwa na uzi na huruma. Ukizipakia kwenye lori, nusu ya kuzaliwa kwa mji huu ingebaki barabarani. Shefu nilimwambia habari ya rejista. Ile ya chakula cha mchana niliiweka moyoni.

"Tutaandika barua ya kuomba mafuta," Shefu akasema.

Tuliandika barua nzuri sana. Haikujibiwa.

Hapo kitu fulani kikaniingia. Sijui niite nini, maana sikukizoea. Hesabu yangu shuleni ilikuwa ya kumfanya mwalimu avue miwani. Lakini kuhesabu bidoni ningeweza. Nilinunua kaye, daftari la kurasa kumi na sita, nikaenda nyuma ya nyumba ambako grupe ilikaa chini ya kibanda chake, nikamwomba Muzee apime mafuta kila saa kwa kijiti.

"Sekretere, unatafuta nini mu mashini yangu?"

"Nataka kujua inakula namna gani, Muzee."

"Inakula sawa mwenye njaa. Weye uliona wapi mashini inakula na adabu?"

Tulipima siku nyingi. Siku moja nilizima vipepeo. Siku nyingine nikazima friji, na Shefu akanywa maji ya moto. Siku nyingine nikazima nusu ya ampuli na tukaandika tumeinama kama washonaji. Kila jioni kijiti kilionyesha karibu alama ile ile. Nilifikiri nimekosea, kama kawaida yangu. Nikamwonyesha Muzee kaye. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Haukosee. Hii mashini iliumbwa ya kubeba hospitali muzima. Siye tunaipatia ampuli munane. Iko sawa lori yenye kupeleka yai moja ku soko. Lori haiulizake kama ni yai ao ni mawe. Iko nakunywa tu."

"Na ulijua siku hizi zote?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Haukusema?"

"Nani aliniuliza? Batu banaulizaka tu kama inawaka."

Usiku huo sikulala vizuri, na mimi kulala ndicho kitu nilichosomea hasa. Zawadi ile ilikuwa ya bure siku ilipoingia, lakini tangu siku hiyo ilikuwa imekula mafuta, filita, oili na mshahara wa fundi kutoka mjini. Nilijumlisha yote katika kaye. Kwa bei ya vitu hivyo tungeweza kununua grupe nyingine kama ile, na ikabaki kitu cha kuilisha ya pili mpaka nayo ituue njaa. Wala kuzima taa moja moja hakukuwa na faida. Ilibidi ama iwake yote, ama inyamaze kabisa. Na ili inyamaze kabisa, ilibidi jua liingie.

Nilimkuta Shefu katika kona yake. Alikuwa ameweka meza mahali ambapo kuta mbili nene zinakutana, na mgongo wake haukuwahi kuonja upepo.

"Shefu, tufungue madirisha."

Aliangalia ukuta. "Unajua nani aliweka haya matofali?"

"Nasikia ni weye, Shefu."

"Fundi alikuwa amekimbia. Nilishika mwiko mwenyewe. Siku tatu."

"Lakini vita imeisha, Shefu."

"Nani alikuambia?"

"Redio."

"Redio ilisema vile hata mara ile ingine."

Lakini sikuondoka, na nadhani ni hilo lililomshangaza, maana alinijua kama mtu wa kuondoka haraka hasa inapokaribia saa sita. Nilisimama pale na kaye yangu. Mwishoni akapumua.

"Dirisha moja," akasema. "Ile ya nyuma ya kiti yako."

Nilimshukuru sana. Nilikuwa nusu ya njia ya kwenda nyumbani, kama hatua ya mia moja, nilipoelewa alichopima. Kama amani ingekuwa ya uongo, angejua kwa kutazama mgongo wangu.

Jumamosi Muzee na mimi tulichukua tindo na nyundo. Matofali yalitoka upesi. Shefu alikuwa amechanganya simenti kama mtu mwenye haraka, na mchanga ulikuwa mwingi. Lilipotoka la mwisho, jua likaingia mpaka miguuni pa meza yangu, nikagundua mambo. Ukuta wetu, ambao siku zote niliudhani wa kijivu, ulikuwa wa kijani. Chini ya kabati kulikuwa na kofia ya mtu. Na mama wa mandazi, mfanyabiashara aliyetoka Butembo na kuuza kwenye baraza letu tangu amani ianze, akaingiza kichwa dirishani.

"Papa sekretere, kumbe uko na mvi. Mu giza ulikuwa kijana."

"Funika beseni yako, mama, vumbi iko."

"Nitafunika. Na weye ufunike kichwa."

Muzee alipanda ngazi kufuta vumbi la juu, akaanza kugonga ukuta karibu na manjanja. Akagonga hapa, akagonga pale, akaniita. Chini ya simenti kulikuwa na vitundu vya duara, vingi, kimoja kila baada ya mkono mmoja, kuzunguka nyumba nzima. Watengenezaji walikuwa wamevikuta, na kwa sababu walikuja Bunia baada ya vita, wakadhani ni alama za risasi. Wakaviziba kimoja kimoja, kwa upendo.

"Risasi ya mutu ya adabu kabisa," Muzee akasema. "Alipiga mu mustari moja, na hakusahau hata upande moja."

Vilikuwa vitundu vya kutoa joto. Utotoni niliona mbayuwayu wakiingia humo, kisha nikasahau. Tulivifungua vyote. Bidoni tupu zilizorundikwa nyuma ya kibanda tuliziuza kwa wanawake wanaouza mafuta ya mawese, tukanunua mikeka ya matete, tukaitandaza chini ya manjanja mahali palipokuwa na plafoni. Kwa namna hiyo grupe ililipia kitu chenye faida bila yenyewe kujua. Juma lile lile niligundua kwamba kipepeo changu kilikuwa kimezimwa siku mbili nami sikujua.

Shefu alipita pale dirishani kwangu asubuhi, mikono nyuma, akatazama nje kama mtu anayetazama mto uliojaa. Baada ya siku nane akasema, "Ya pili." Baadaye akasema, "Ya tatu." La nne lilikuwa lake mwenyewe. Hilo aliruhusu nusu ya juu tu. Matofali ya chini yalibaki, na yalifika sawasawa kimo cha kichwa chake akiwa ameketi.

Mwezi wa pili wa ile mitatu ulikuwa unaisha. Nilichagua Jumatatu.

Saa mbili asubuhi grupe haikukohoa. Muzee alikuwa ameketi kando yake na mikono juu ya magoti, kama mtu anayelinda mgonjwa. Mimi nilikaa mezani na mwanga wote mbele yangu, na robo saa ya kwanza niliifurahia sana. Nilisikia jogoo. Nilisikia mchi wa mtu akitwanga sombe. Nilisikia hata kiti cha Shefu.

Kisha nikasikia milango ya chuma ya maduka ikishuka. Mmoja, halafu mmoja, halafu mingi kwa pamoja.

Nilitoa kichwa dirishani. Watu waliokuwa wamepanga mstari kwenye baraza hawakuwepo. Mama wa mandazi alikuwa ameshaweka beseni kichwani.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa batoto. Na weye uondoke."

"Kuko nini?"

Alinitazama kwa huzuni. "Weye mutu ya Leta ndiyo unaniuliza? Grupe imenyamaza. Shefu amepitia njia gani?"

"Shefu iko hapa ndani."

"Unamuficha. Sikukasirikie, papa. Kila mutu anafichaka mukubwa wake."

Shefu akatokea mlangoni. Alikuwa amesikia milango ya maduka. Koti lilikuwa mwilini na mfuko wake mkononi, na jinsi alivyotoka upesi nilijua kwamba hata biro ilikuwa na mfuko nyuma ya mlango.

"Kuko nini?" akauliza.

"Hakuna kitu, Shefu. Ni siye. Banakimbia ukimya yetu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sema Muzee awashe."

Muzee alikuwa ameshasimama, ufunguo mkononi. Nikaona jambo moja wazi kama ule ukuta wa kijani: kama ingewaka sasa, haingezimwa tena. Kila mtu angesema, mnaona, walijaribu wakakaribia kuua mji. Bidoni ingeisha Jumanne, miezi mitatu ingefika, na mimi ningeshika kiuno cha mwenye pikipiki mpaka uzee wangu.

"Shefu, tafazali, unipatie mpaka saa sita."

"Utafanya nini?"

Hapo nikagundua kwamba nimesema kitu kinachohitaji miguu.

"Nitaenda kubaambia. Na weye, Shefu, ukae ku baraza, ukule mandazi. Pole pole. Batu baone mukubwa mwenye hana haraka."

"Sina njaa."

"Ndiyo maana, Shefu. Mwenye njaa anakula mbio."

Shefu akaketi kwenye benchi ya wanaongoja, mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi, akaweka mfuko chini ya miguu. "Mama," akasema, "niuzie mbili."

Mama wa mandazi hakushusha beseni. "Na hiyo koti, Shefu?"

"Nasikia baridi."

"Mutu mwenye kukula mandazi na koti mu mwili, iko tayari ya kusafiri."

Shefu alivua koti. Mama akashusha beseni.

Nilitoka. Kwetu ni njiani, na mke wangu alikuwa langoni akisikiliza kama wote. Aliponiona napita bila kuingia, macho yakamtoka.

"Unaenda wapi?"

"Ku soko."

"Weye?" Alishika ukuta. "Basi ni kweli. Kama weye unatoka nyumba, vita imerudi."

"Hakuna vita. Tumezima grupe kwa makusudi. Usiguse ile mufuko mpaka saa sita. Kama sijarudi, ufanye sawa unapenda."

Nilitembea bulevari yote, mimi ambaye hatua ya mia mbili na kumi na tano ilikuwa tayari nchi ya watu. Kila duka nililopita nilisimama nikasema maneno yale yale: grupe imezimwa, hakuna kilichotokea, Leta iko, nendeni mumtazame Shefu anakula mandazi ku baraza. Mwenye duka la misumari aliacha mlango wake nusu.

"Kwa makusudi?" akauliza. "Tangu lini Leta inafanyaka kitu kwa makusudi?"

"Tangu leo."

"Na Shefu anakula mandazi ngapi?"

"Uende uhesabu."

Akamwita jirani yake, wakaenda kuhesabu. Nilielewa kwamba nimepata dawa. Watu wetu hawaamini tangazo, lakini mwambie mtu kuna mkubwa anakula hadharani, lazima aende kuona anavyotafuna.

Kwenye kituo cha pikipiki, mwisho wa soko, nilimkuta mwanamke na mtoto mgongoni akibishana bei ya kurudi Marabo. Alikuwa amekuja kuandikisha mtoto. Siku alizopewa na sheria kuandikisha bure zilikuwa zinaishia siku hiyo, na baada ya hapo ni tribinali mbele ya hakimu, mashahidi, na kwenda na kurudi mara nyingi. Alikuwa amefika kwenye kona ya biro, akasikiliza, akageuka.

"Mama, uje. Biro inafanya kazi."

"Sikia," akasema, akainua kidole. Tukasikiliza ukimya pamoja. "Biro imekufa."

"Haikufa. Miye ndiyo biro."

Alinitazama kutoka kichwani mpaka chini. Hapo ndipo nilipoona kwamba nimetoka na sandali za nyumbani, zile nilizovaa chini ya meza.

"Biro inavaa sandali," akasema.

"Viatu nilisahau chini ya meza. Tukifika nitakuonesha."

Nadhani alikuja kwa ajili ya kuviona hivyo viatu. Kila baada ya nyumba chache alisimama akasikiliza kama kuna watu wanaokimbia, akaona wachache wanarudi, akaendelea.

Kwenye baraza kulikuwa na umati. Shefu alikuwa katika andazi la saba. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetumikia nchi yake kwa mateso, na mama wa mandazi alimsimamia kama muuguzi.

"Pole pole, Shefu. Kunywa maji."

"Mama, inatosha."

"Bale ba nyuma hawayaona bado."

Nilifungua rejista karibu na dirisha. Niliandika jina la mtoto, la mama, la baba, mahali, siku. Mwanga ulitosha kuona hata nyuzi za karatasi. Mtoto alitazama dirisha muda wote kana kwamba liliwekwa kwa ajili yake. Mama yake alibonyeza kidole gumba, akainua karatasi kwenye jua, akaikagua mbele na nyuma.

"Na viatu?" akauliza.

Nilivitoa chini ya meza. Akatikisa kichwa kwamba ameridhika, akakunja akti ya kuzaliwa, akaiweka kifuani, akaondoka. Nyuma yake mstari ulikuwa umeshafika ngazini.

Nilifika nyumbani saa sita kasoro kidogo. Mke wangu alikuwa bado langoni. Mfuko alikuwa ameutoa, ulikuwa miguuni pake. Lakini haukuwa kichwani.

Tangu siku hiyo Shefu alikata shauri lake: grupe iwake dakika kumi kila asubuhi, kama kengele, ili watu wajue, kisha inyamaze. Kwa dakika hizo Muzee aliipangusa na kuisifu. Bidoni ya juma ilianza kubaki na mafuta ndani, jambo ambalo Muzee alilitazama kwa wasiwasi, kama mzazi anayemwona mtoto akiacha chakula.

Inspekta alikuja mwezi wa tatu, siku ya mvua. Aliingia na tochi mkononi, kwa sababu huko juu walimwambia tumezima taa. Alisimama katikati ya chumba. Mvua ilipiga manjanja, lakini mikeka iliimeza, na watu walikuwa wanasema majina yao kwa sauti ya kawaida. Aliangalia juu, akaangalia madirisha, akaitia tochi mfukoni. Mbele ya dirisha la Shefu akauliza kwa nini ni nusu.

"Ile nusu ya chini ni yangu," Shefu akasema. Inspekta akageukia meza yangu.

Alisoma kaye yangu yote, akiwa amesimama.

"Nani alifanya hii hesabu?"

Shefu akanionyesha kwa kidevu.

"Kuko kosa ya kujumlisha mu ukurasa ya ine," Inspekta akaniambia. "Ulipunguza. Mashini ilikula zaidi ya vile unasema."

Nilisema nitarekebisha. Mwalimu wangu wa hesabu angejua mwandiko wangu kwa kosa hilo tu.

Tukabaki. Barua yake ilisema hivyo kwa mistari miwili. Mstari wa tatu ulisema kwamba grupe, kwa kuwa hatuihitaji, itapelekwa kwenye jengo jipya karibu na uwanja wa ndege. Huko madirisha ni ya kioo kisichofunguka, na taa zinawaka kutoka asubuhi. Niliisoma barua hiyo kwa sauti, na hakuna aliyecheka mpaka Muzee alipouliza kama huko kuna samaki wa kutosha kwa friji.

Aliifunga mwenyewe kwenye lori kwa kamba. Alimpa dereva kile kijiti cha kupimia, akamweleza alama zake, akamrudisha mara mbili kumweleza tena. Kisha akaingia ndani, akauliza madirisha yanafunguliwa saa ngapi. Nikamwambia saa mbili.

"Basi saa mbili," akasema.

Kesho yake asubuhi hakukuwa na kengele ya kuutuliza mtaa. Nilifika mapema, viatu miguuni. Muzee alifungua mbao za kufungia dirisha la kwanza, zikagonga ukuta. La pili. La tatu. Kisha ile nusu ya Shefu. Mama wa mandazi alikuwa amesimama njiani, beseni kichwani, shingo imeinama upande, anasikiliza. Ng'ambo, mwenye duka la misumari alikuwa ameshika mlango wake, hajauamulia. Mimi nilisimama kwenye baraza. Sikuwa na Shefu wa kula mandazi. Alikuwa bado hajapona yale ya kwanza.

"Papa sekretere," mama akaita, "unasimama pale unafanya nini? Ingia, ukae mu dirisha. Batu bakuone."

Niliingia, nikakaa, nikafungua rejista. Nilichonga karamu ambayo ilikuwa imeshachongwa. Baada ya muda nikasikia beseni likigusa sakafu ya baraza. Ng'ambo, mlango wa chuma ukapanda.

Niliandika watoto sita asubuhi hiyo, na ndoa moja ya watu wazima waliochelewa. Saa sita nilifunga rejista, nikahesabu hatua zangu, nikafika. Nyumbani kulikuwa na harufu mbili kwa pamoja, ugali na sombe. Hilo halikuwa kawaida, maana siku zote kimoja kilingoja kingine. Mke wangu alikuwa amepika sombe katika sufuria kubwa, ile ya harusi.

Niliangalia nyuma ya mlango. Mfuko ulikuwa bado pale, umenywea upande mmoja.

"Ule ubaki kwanza," akasema, bila kugeuka. "Kaa, ukule. Leo umechelewa."